Pikapu kubwa tatu, na wenye nazo wanaopingana: nimwamini nani?

Swali: "Shikamoo fundi. Naishi Columbus, Ohio, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni kuhamisha watu vyombo vya nyumba, na kiangazi nakata nyasi. Nimechoka kukodi gari. Nimeona pikapu tatu za mkono wa pili, zote milango minne, zote zinavuta magurudumu manne: Ford F-150 ya 2018, injini ya EcoBoost lita 3.5, maili 98,000. Toyota Tundra ya 2015, lita 5.7, maili 141,000. Na Chevrolet Silverado ya 2017, lita 5.3, maili 120,000. Bei zimekaribiana. Kila nikisoma wenye nazo wanasema nini nazidi kuchanganyikiwa. Huyu anaapa kwa Ford, yule anasema ilimfilisi. Nimwamini nani? Trela langu likijaa hufika pauni 7,000. Nimekutumia picha za vibandiko vya milangoni, ila ya Silverado sikuipata. Na je, baada ya miaka minne naweza kumpelekea mzee wangu Malindi?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kufika mahali pa kuacha kukodi.

Waamini wote. Nakwambia hivyo baada ya miaka 19 ya kulala chini ya magari haya hapa hapa Ohio. Wenye pikapu ninaowajua husema kweli, lakini kila mmoja husema kweli ya kazi yake, ya barabara zake na ya desturi yake ya kubadilisha oili. Anayesikiliza huibeba kweli hiyo nzima nzima akaivisha gari jingine. Kwa hiyo ukisikia sifa au kilio, uliza kwanza: gari lilibeba nini, lilikaa jimbo gani, lilikuwa na maili ngapi, na nani alilihudumia? Mwenye gari la miezi mitatu hajalijua, bado yuko fungate. Na aliyenunua gari lililokwisha choka akalifungia trela zito wiki ile ile, naye hakulijua.

Chukua hiyo Tundra. Kuna bwana mmoja wa Louisiana aliyenunua Tundra ya 2007 ikiwa mpya, na kufikia 2016 ikawa imetimiza maili milioni moja. Ni kilomita milioni 1.6, yaani kuizunguka dunia mara 40. Toyota wenyewe waliichukua waichunguze, wakampa nyingine mpya. Ni habari ya kweli, na kila anayeuza Tundra atakuhadithia. Sasa piga hesabu. Maili milioni kwa miaka tisa ni zaidi ya maili 300 kila siku ya Mungu. Gari lile lilishinda barabara kuu, injini ina moto ule ule kutwa, na lilipelekwa huduma zaidi ya mara 100. Injini ikishapata moto ikabaki nao, hulika kidogo sana. Wewe unakata nyasi: unaiwasha asubuhi, unakwenda maili mbili, unazima, unawasha tena, unaiacha ikinguruma kwa mteja huku unashusha mashine. Maili zako 100,000 zitakuwa nzito kuliko dashibodi itakavyoonyesha. Ukiisoma habari ya Louisiana bila kuuliza kazi ya gari, itakudanganya ingawa mwenyewe hakudanganya.

Na wingi wa malalamiko nao upime. Mwaka 2023 Ford waliuza pikapu za F zaidi ya 700,000 Marekani peke yake. Tundra zilikuwa kama 125,000. Mitaa ya Columbus imejaa Ford, basi na gereji zimejaa Ford. Ukihesabu vilio bila kuhesabu magari, utamwonea mmoja na kumpendelea mwingine.

Hayo ni maneno ya watu. Sasa tuje kwenye maneno ya gari lenyewe, maana hapo ndipo naona jambo lako zito kuliko yote uliyouliza.

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Kuna kibandiko cha rangi nyeupe na manjano, kina vipimo vya upepo wa tairi, na juu yake mstari mmoja unaosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Kiasi hicho ni cha gari hilo hilo lililo mbele yako, na vifaa vyake lilivyotoka navyo kiwandani. Pikapu mbili za mwaka mmoja, jina moja, zinaweza kutofautiana kilo 200 kwa sababu moja ina viti vya ngozi, dari la kioo na rimu kubwa. Kwa picha ulizonitumia, Ford inaandika pauni 1,547, ambazo ni kilo 702. Tundra inaandika 1,285, yaani kilo 583. Watu huona pikapu kubwa kama nyumba wakadhani itabeba nyumba. Kilo 583 ni watu wazima saba wa wastani, basi.

Trela lako la pauni 7,000 ni kilo 3,175. Trela lililopangwa vizuri huegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye chuma cha kuvutia, nyuma ya gari. Tuchukue 12. Ni kilo 381, na hizo zinahesabiwa kuwa mzigo wa pikapu sawasawa na mfuko wa saruji. Ongeza wewe na vijana wako wawili wa kazi, kilo 245. Ongeza mikokoteni, mablanketi, kamba na sanduku la vifaa, kilo 110. Jumla 736. Umeipita Tundra kwa kilo 153 na Ford kwa kilo 34, na trela bado ni nusu tu ya zile pauni 13,200 ambazo matangazo ya F-150 za mwaka ule yalisema inaweza kuvuta. Tangazo halikudanganya. Lilizungumzia gari lenye vifaa maalumu vya kuvuta, lisilo na vijana wawili na sanduku la nyundo.

Ndiyo maana utamsikia mmoja akisema pikapu yake ilivuta "bila kujua kama kuna kitu nyuma", na mwingine, gari lile lile, akisema breki zilimwisha kabla ya mwaka na giaboksi ikaungua. Mwaka juzi aliletwa kwangu mteja kwa gari la kuvuta. Pikapu yake ilikuwa imekaa nyuma kama mbwa, pua juu, taa zinamulika miti. Springi za nyuma zilikuwa zimenyooka, na tairi zilikuwa zimelika mabega. Alikuwa akihamisha watu kama wewe, kila siku, kwa miaka miwili, na kwa ulimi wake gari lile lilikuwa "bovu tangu kiwandani". Nilimpeleka mlangoni nikamsomea kibandiko. Alikuwa hajawahi kukitazama.

Una njia mbili. Ya kwanza, punguza trela lifike pauni 5,000, kilo 2,268, na ukubali safari ya pili kwa nyumba kubwa. Hapo chuma kitabeba kilo 272, jumla yako itakuwa 627, Ford itakutosha kwa nafasi ya kilo 75, Tundra bado haitoshi. Na hata hapo, soma maandishi kwenye chuma chenyewe cha Ford. Kwa kawaida F-150 huruhusu kilo 227 tu kukalia chuma kama hukufunga vyuma vya kusambaza uzito kwenda magurudumu ya mbele. Vinunue, vifunge, jifunze kuvikaza. Njia ya pili, kama lazima uvute pauni 7,000 kila siku, ni kuziacha hizi tatu na kutafuta kaka zao: F-250, Silverado 2500 au Ram 2500. Zinapanda juu zaidi, zinakunywa zaidi, na watoto wako watalalamika kwa jinsi zinavyorusharusha zikiwa tupu. Lakini zimeundwa kwa kazi hiyo.

Jambo moja la sheria nisije nikalisahau: pikapu na trela lako zikijumlishwa uzito unaoruhusiwa zinapita pauni 10,001. Siku utakayomhamisha mteja kutoka Ohio kwenda Indiana au Kentucky, biashara hiyo inavuka mpaka wa jimbo na unahitaji namba ya USDOT, yaani ya wizara ya uchukuzi ya Marekani. Itafute mapema, askari wa barabarani huiangalia ubavuni mwa mlango.

Sasa injini.

Ford hiyo ya 2018, lalamiko lake linajulikana na ni la kweli. Mwishoni mwa kamshafti, ule mhimili unaofungua vali za injini, kuna vifaa vinavyoigeuza kidogo mbele na nyuma kwa nguvu ya oili, ili injini ipumue vizuri. Mafundi tunaviita fesa. Kwenye EcoBoost, yaani injini za turbo za Ford, lita 3.5 za 2017 hadi 2020 vilichakaa mapema kwa wengi. Dalili yake haina maficho kama unajua wakati wa kusikiliza: gari limelala usiku kucha, ukiliwasha asubuhi linatoa mlio wa kukereketa, kama njugu kavu kwenye kopo la bati, kwa sekunde mbili tatu, kisha linanyamaza kabisa. Mtu akilijaribu mchana, injini ina moto, hatasikia kitu. Ford walikuwa na mpango wa kuwasaidia wenye magari hayo na ulishafungwa, kwa hiyo sasa gharama ni yako, na ni maelfu ya dola, kwa kuwa lazima mbele ya injini yote ifunguliwe. Kama vilishabadilishwa vya toleo jipya na karatasi ipo, hilo ni jambo jema kwako, usilikimbie gari. Giaboksi ya gia kumi nayo wengi wanaisema kwa kushtuka, hasa kati ya gia ya tatu na ya tano. Iendeshe polepole mjini, dakika 20, utajua.

Silverado ina utaratibu wa kuzima silinda nne kati ya nane pale mzigo ukiwa mwepesi, ili kupunguza mafuta. Kufanya hivyo inatumia tapeti maalumu, vile vidude vinavyosukuma vali, zenye pini ndani, zinazofungwa na kufunguliwa kwa oili. Oili ikichelewa kubadilishwa pini hunata, tapeti hugonga tik-tik-tik, na ikiachwa hula kamshafti. Nimeona injini za namna hii zimefika maili 250,000 mikononi mwa wazee waliobadilisha oili kila maili 5,000, na nimeona zilizokufa kabla ya 90,000 kwa waliongojea taa ya dashibodi iwaambie. Kwenye Silverado, kitabu cha huduma kina thamani kuliko gari lenyewe. Muuzaji asipokuwa nacho, mwachie. Usiichanganye hii lita 5.3 na ile lita 6.2 ya 2021 hadi 2024, ambayo Aprili 2025 General Motors, wenye Chevrolet, waliyaita yarudi kutengenezwa karibu magari 600,000 Marekani kwa sababu ya mashina ya pistoni na krankshafti. Hiyo ni injini nyingine, na hiki ni kilio cha watu wengine.

Tundra ya 2015 ndiyo injini ninayoipenda kuliko zote tatu, nakiri. Lita 5.7, silinda nane, haina turbo, haizimi silinda. Huvuja oili kidogo ubavuni juu karibu na kamshafti, na pampu ya maji huacha ukoko wa waridi ikianza kuchoka. Chungulia kwa tochi. Lakini usiisome kwa jina la Toyota tu. Tundra za 2022 na 2023 zina injini nyingine kabisa, silinda sita zenye turbo mbili, na Mei 2024 Toyota wenyewe waliyaita magari kama 102,000, pamoja na ndugu yake Lexus LX, kwa mabaki ya chuma yaliyoachwa ndani ya injini wakati wa kuitengeneza. Mtu akikwambia "Toyota haifi", mwulize ya mwaka gani.

Ugonjwa mkubwa wa pikapu huku kwetu uko chini ya injini, kwenye chasisi. Ohio humwaga chumvi barabarani majira yote ya baridi, na jimbo hili halina ukaguzi wa usalama wa kila mwaka, kwa hiyo inawezekana hakuna jicho lililowahi kutazama chini ya gari hilo ila lako. Toyota wanaujua uchungu huu: mwaka 2016 walikubali kulipa fidia na kubadilisha chasisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia, mapatano yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Tundra yako ya 2015 haimo katika hizo, lakini chumvi haisomi mwaka. Na bodi ya aluminiamu ya Ford, waliyoanza nayo 2015, isikupumbaze. Milango haitakuwa na kutu, inang'aa. Chasisi chini yake ni chuma kama za wenzake.

Ninavyofanya mimi: nachukua bisbisi kubwa na nyundo ndogo. Nalala karibu na gurudumu la nyuma, pale chasisi inapopinda kupita juu ya ekseli, maana tope lenye chumvi hulala hapo. Nagonga. Chuma kizima kinalia ting. Kilichooza kinajibu kama unagonga boga. Msimu uliopita nilikagua pikapu moja iliyopakwa rangi nyeusi nzito chini kote, mpya, bado inanuka. Muuzaji akasema ni kinga. Niligonga karibu na springi ya kushoto, bisbisi ikaingia hadi kwenye mpini, nikaitoa na vipande vya kutu kama maganda ya kitunguu vikanidondokea kifuani. Mteja wangu alikuwa tayari na pesa mkononi. Rangi mpya chini ya gari la zamani, mdogo wangu, ikutie shaka mara moja.

Mafuta nitayapitia haraka. Tundra hiyo inakwenda kama maili 15 kwa galoni, Ford kama 19, Silverado katikati. Ukienda maili 15,000 kwa mwaka, Tundra itakunywa galoni 210 zaidi ya Ford. Zidisha kwa bei ya pampu ya mtaani kwako. Ukifunga trela, tofauti hiyo inapungua sana, kwani turbo za Ford zikifanya kazi nazo hunywa. Ukubwa nao upime kwa futi kabla hujalipa: F-150 ya milango minne ina karibu mita 5.9, na upana ukihesabu vioo ni zaidi ya mita 2.4. Hilux ya nyumbani ina mita 5.3. Wanunuzi wengi niliosikia wakijuta hawakujutia injini, walijutia kutafuta maegesho kila jioni.

Najua moyoni ungetaka hiyo Hilux. Haiuzwi Marekani, na sababu yake inaanzia kwenye kuku: Ulaya ilitoza ushuru kuku wa Marekani, Marekani ikajibu mwaka 1964 kwa ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo ya kutoka nje, na ushuru huo ukabaki hadi leo. Soko la huku likaachiwa majitu haya.

Kuhusu mzee Malindi, jibu ni hapana. Usukani uko kushoto, na Kenya haisajili gari la namna hiyo isipokuwa ya kazi maalumu kama ya wagonjwa au zimamoto. Tena gari la zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza halipokelewi, na zote tatu zitakuwa zimepita. Jirani yako Mkongomani anaweza kukwambia yeye alipeleka Goma, na ni kweli, kwao wanaendesha upande wa kulia. Mzee mwekee pesa anunue Hilux kutoka Japani, spea atazipata Malindi mjini.

Ningekuwa wewe ningechukua Ford, kwa masharti mawili: trela lisizidi pauni 5,000, na injini iwe kimya asubuhi. Isipokuwa kimya, basi Silverado, kama kuna kitabu na ukisoma kibandiko chake mwenyewe ukaona kinakutosha. Tundra ningemnunulia mke wako kwa moyo mkunjufu, lakini kazi yako inaizidi mzigo. Kabla ya lolote, ingiza namba ya chasisi, zile tarakimu na herufi 17, kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani. Ni bure, itakuonyesha matengenezo gani yaliitiwa na hayajafanywa, na hayo wakala rasmi wa kampuni ya gari hukufanyia bila malipo.

Mpigie mwenye Ford Ijumaa usiku. Mwambie utafika saa moja asubuhi, na umwombe kwa adabu asiliwashe gari. Ukifika, kabla hata hamjamaliza kusalimiana, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya baridi kama jiwe, mwambie aliwashe huku wewe umesimama mbele na simu yako inarekodi. Ikiwa ya vuguvugu, rudi kesho yake. Nitumie sekunde kumi za kwanza za sauti hiyo, nami nitakujibu siku hiyo hiyo.